Mizani na Futikamba

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaaye hapa Chikongola, Mtwara, na kuuza kwa njia ya simu vikapu vya ukindu, korosho zilizobanguliwa na vinyago vya mpingo, alinijia jioni moja akiwa amekunja uso, akaniamkia, na kabla sijamaliza kumwitikia marahaba akaniuliza, "Mjomba, yawezekanaje kikapu kisichofika kilo moja na nusu kulipiwa nauli ya kilo kumi?" Kwa desturi ya jamaa zetu wa Kusini, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba hana ruhusa ya kumwacha mpwa wake na swali mkononi, nikamkaribisha mkekani, nikamtaka anieleze habari yote tangu mwanzo. Alikuwa amemwuzia mteja wa Maskati kikapu kimoja, akataja bei ya kikapu pamoja na gharama ya kukipeleka, akikisia nauli kwa uzito aliouona katika mizani ya jikoni. Mteja akaridhia na kulipa. Walakini alipokifikisha kifurushi kwa wakala wa mizigo ya ndege, karani alikiweka juu ya mizani, akakiondoa, akakipima kwa futikamba urefu, upana na kimo, akapiga hesabu, akatamka kilo kumi. Faida yote ya kikapu ikamezwa na nauli, na mpwa wangu akaongeza fedha zake mwenyewe, kwa kuwa alikwisha kumpa mteja neno lake wala hakutaka kulirudisha.

Karani yule hakudhulumu mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu ya insafu, maana katika mambo ya nauli sisi wauzaji wa mbali na bandari kuu tumezoea kumtuhumu kila anayetutajia bei kubwa. Kanuni aliyoifuata imeenea katika usafiri wa ndege duniani kote: kifurushi hulipiwa kwa kilicho kikubwa kati ya mambo mawili, ama uzito wake katika mizani, ama uzito wa kukadiriwa utokanao na nafasi kinayoichukua. Urefu huzidishwa kwa upana, kisha kwa kimo, yote kwa sentimita, na jumla yake hugawanywa kwa 5,000, ambacho ndicho kigawanyo cha kampuni nyingi za vifurushi vya haraka, ingawa wako watumiao 6,000. Kikapu cha mpwa wangu kilikuwa ndani ya boksi lenye urefu wa sentimita 40, kimo 40 na upana 30. Zidisha, utapata 48,000. Gawanya kwa 5,000, utapata kilo 9.6, na kwa kuwa aghalabu hesabu hizi hupandishwa hadi nusu kilo inayofuata, ikawa kilo kumi. Mle ndani ya boksi hamkuwa na kilo kumi za kitu chochote. Mlikuwa na ukindu mchache na hewa nyingi, na hewa ile ndiyo iliyosafiri kwa nauli.

Kinyago cha mpingo kina habari nyingine kabisa. Mpingo ni mti mzito hata ukiutia majini huzama, kwa sababu ujazo wa lita moja ya mti ule una zaidi ya kilo moja. Kwa hiyo kinyago cha kilo mbili, kikifungwa vema, huenea katika boksi la sentimita 30 kwa 12 kwa 12, ambalo kwa kigawanyo kile kile halifiki hata kilo moja ya kukadiriwa. Hapo mizani ndiyo hakimu, na futikamba haina neno. Lakini lipiko, ile barakoa ya ngoma ambayo mchongaji wa Kimakonde huichimba katika mti mwepesi hata ikaweza kuvaliwa kichwani, hufuata hukumu ya kikapu, kwa maana ni kubwa kwa jirimu na haba kwa uzito. Mafundi ni wale wale na soko ni lile lile, ila bidhaa moja hutozwa kwa uzito na nyingine kwa nafasi; na muuzaji asiyejua bidhaa yake imo upande upi huuza akiwa amefumba macho. Mpaka wa pande hizo mbili ni mwepesi kukumbukwa: kwa kigawanyo cha 5,000, kila lita moja ya nafasi huhesabiwa gramu 200, basi kitu kilicho chepesi kuliko hivyo kitalipiwa nafasi yake, na kilicho kizito kuliko hivyo kitalipiwa uzito wake. Korosho ziko upande wa mizani. Vikapu, kofia, na karibu kila kilichosukwa kikabaki wazi ndani, viko upande wa futikamba.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu hata tulidhani limeletwa na ndege. Majahazi ya Ghuba, yaliyokuwa yakishuka na kaskazi hadi Unguja na kuingia katika mito ya Rufiji kupakia boriti, uwezo wake haukutajwa kwa uzito bali kwa idadi ya makanda ya tende ambayo tumbo la chombo liliweza kuyameza, kama alivyoeleza baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1939. Boriti zenyewe zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ilhali pembe na karafuu zilipimwa kwa frasila. Wazee wale hawakuwa na kipimo kimoja cha kila kitu. Walijua kuwa chombo huweza kujaa kabla hakijalemewa, na huweza kulemewa kabla hakijajaa, na nahodha mwenye akili hutoza ujira kwa lile litakalotangulia.

Basi jioni ile ile nilimwambia mpwa wangu alete kikapu kingine na rula ya mwanawe wa shule. Tukakinyunyizia maji kidogo, maana ukindu mkavu hukatika kwenye mkunjo, tukaziingiza mbavu zake ndani, tukakilaza, na kimo cha mlazo wake kikawa sentimita sita. Arubaini kwa arubaini kwa sita ni 9,600. Ukigawanya, hupati kilo mbili kamili. Boksi lile lile lililochukua kikapu kimoja kilichosimama lingechukua vikapu vitano vilivyolazwa, kwa nauli ile ile ya kilo kumi, kwa kuwa uzito wao wote pamoja haungefika kilo nane. Akanitazama, akacheka, kisha akanyamaza. Nadhani alikuwa akihesabu vikapu vyote alivyokwisha kupeleka vikiwa vimesimama. Tahadhari moja tu ilibaki, nayo ni kuvianika mpaka vikauke kabisa kabla ya kufunga boksi, visije vikaota ukungu njiani.

Kwa bidhaa nzito hadhari ni nyingine, kwa sababu nauli hupanda kwa ngazi, nayo ngazi haina huruma kwa gramu kumi zilizozidi. Mfuko wa korosho wa gramu 500, ukiisha kutiwa katika boksi, ukawekewa karatasi na kuzungushiwa gundi, huvuka nusu kilo na kuingia katika ngazi ya kilo nzima. Muuzaji aliyepima korosho peke yake amepima mali ya mteja, hajapima kifurushi. Njia za posta nazo zina mipaka yake. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Bern mwaka 1874, kifurushi kidogo hakipaswi kuzidi kilo mbili, wala jumla ya urefu, upana na kimo chake kuzidi sentimita 90, na hapana upande uruhusiwao kupita sentimita 60. Kitu kilichoviringishwa, mathalan mkeka, hupewa wasaa zaidi, urefu hadi sentimita 90, maadamu urefu huo pamoja na kipenyo mara mbili havizidi sentimita 104. Kikivuka mipaka hiyo huwa kipeto, na kipeto kina orodha yake ya bei. Mwenye vinyago viwili vya kilo moja na robo kila kimoja ana haki ya kuuliza kama kuvituma mbalimbali si nafuu kuliko kuviunganisha. Yamkini ni nafuu, yamkini si nafuu, ila bila ya orodha ya bei mbele yake hawezi kujua.

Na hapa ndipo palipo na shauri langu. Vifurushi vingi vya hapa kwetu haviendi Maskati. Huenda Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza kwa basi, kupitia stendi ya Mkanaledi, na katika baadhi ya madirisha ya kupokelea mizigo nimeona kwa macho yangu kuwa hapana mizani wala futikamba. Karani hukitazama kifurushi, humtazama na mwenyewe, kisha hutamka bei. Mwenye haya hulipa, mwenye ulimi hupunguziwa, na kesho yake kifurushi kilicho sawa na cha jana hutajiwa bei nyingine. Nafahamu kuwa buti la basi ni dogo na mizigo ni mingi. Nafahamu pia kuwa safari ya Dar es Salaam, iliyokuwa ya siku nyingi za matope na foleni za kivuko kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, sasa ni ya siku moja, na kwa neema hiyo twawashukuru wenye mabasi. Lakini nauli ya kukisia kwa macho ni kangomba. Watu wa Mtwara hawahitaji kufasiriwa neno hilo: ni kipimo kisicho rasmi kilichomnyang'anya mkulima korosho zake kwa miaka na miaka, na ambacho tulikipiga vita kwa vyama vya msingi, kwa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007, na kwa kudai mizani iliyokaguliwa. Iweje mkulima apimiwe gunia lake kwa haki shambani, kisha bintiye akakisiwe boksi la korosho zile zile stendi?

Bei iliyo wazi haimpunguzii msafirishaji kazi, humwongezea. Uingereza, kabla ya mwaka 1840, barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, mara nyingi kwa mpokeaji, na wengi wakaogopa kuandika. Ilipowekwa ada moja ya peni moja kwa kila nusu aunsi, ikalipwa na mpelekaji mapema kwa stempu, barua zilipanda kutoka milioni 76 mwaka 1839 hadi milioni 169 mwaka uliofuata. Ada yenyewe ilikuwa ndogo, ni kweli, lakini kadhalika ilikuwa ni ada ambayo mtu aliijua akiwa nyumbani kwake, kabla hajashika kalamu.

Kwa hiyo naomba, kwa taadhima zote, Shirika la Posta, kampuni za vifurushi na wenye mabasi wabandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, ngazi za uzito, mipaka ya vipimo, na kigawanyo wanachokitumia. Na Mamlaka ya Mawasiliano, inayotoa leseni za kusafirisha vipeto na vifurushi, iyafanye hayo kuwa sharti la leseni, huku Wakala wa Vipimo wakizikagua mizani za stendi kama wanavyozikagua za maghala ya korosho. Nawe muuzaji mwenzangu, wa Chikongola au wa kwingineko, usimtajie mteja gharama ya kupeleka mpaka kifurushi kiwe kimefungwa, kimepimwa kwa mizani, na kimepimwa kwa futikamba. Na ukifika dirishani, uliza kigawanyo ni kipi, na usione haya kuuliza mara ya pili.