Maumivu ya nyonga: Yoga isidharauliwe

Kuna maumivu ambayo wakulima wa hapa Trans Nzoia na majirani zetu wa Bungoma huyaita "mgongo", ilhali mgongo hauna hatia. Hukaa chini ya mshipi, aghalabu upande mmoja, pale mfupa mpana ulio chini ya uti wa mgongo unapoungana na ule wa nyonga. Wataalamu hukiita kiungo hicho sakroiliaki. Nimeishi na maumivu hayo kwa miaka sita, na safari ya matatu kutoka Kitale hadi Bungoma ilikuwa kwangu adhabu.

Kiungo hiki hakikuumbwa kucheza kama goti. Husogea milimita chache tu, na kazi yake ni kupitisha uzito wa kiwiliwili hadi miguuni. Kano zake zikilegea, kama zinavyolegea kwa mama mjamzito, au mtu akishinda ameinama akipalilia mahindi au kukata miwa, huweza kuanza kuuma.

Mgonjwa wa aina hii mara nyingi hurudi nyumbani na vidonge na amri ya kupumzika. Atapumzikaje na shamba lamsubiri? Isitoshe, vingi vya vidonge hivyo vikimezwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo.

Ndiyo sababu naitetea yoga. Mwaka 2017, chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kiliitaja miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Wapo wanaosema ni ibada ya Kihindu. Sikatai kwamba chimbuko lake ni India na kwamba ina mizizi ya dini. Lakini anayelala chali na kuinua nyonga hajamwabudu yeyote. Anayechukizwa na jina na aliite zoezi. Wengine husema ni anasa ya matajiri wa Nairobi. Mimi hutumia blanketi kuukuu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, si kila mkao unafaa, na hapa ndipo wengi hupotoka. Hudhani dawa ni kujinyoosha hadi kikomo. Kuketi miguu imenyooka na kuinama hadi vidoleni, au kujipinda kiuno kwa nguvu, huweza kukivuta zaidi kiungo ambacho tayari kimelegea. Kinachohitajika ni misuli imara ya kukishikilia. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga polepole, tulia kwa pumzi tano, shuka. Kisha piga magoti na kuweka viganja chini, unyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu ubadilishe. Zoezi likizidisha maumivu, liache.

Kijana ambaye kiuno chake hukakamaa kila asubuhi na kulegea akitembea asikimbilie yoga. Amwone daktari, huenda ni ugonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Anayepata ganzi mapajani kwa ndani au kushindwa kuzuia mkojo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Naziomba serikali za Trans Nzoia na Bungoma ziwatume wataalamu wa viungo hadi kliniki za wajawazito vijijini. Kina mama huketi pale mabenchini wakingoja zamu, na mazoezi haya mawili hufundishwa kwa robo saa.