Kabla ya kupasuliwa, jifunze kwa nguruwe

Ukinunua nyama ya nguruwe ukaipata imepauka, ni teketeke na inachuruzika maji, usiharakishe kumlaumu mwenye bucha. Huenda nguruwe huyo alizaliwa na kasoro.

Mnamo 1991, wanasayansi wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni moja huifanya misuli ya nguruwe kumwaga kalsiamu kupita kiasi anaposhtuka. Mwili hupanda joto. Akichinjwa, nyama huingia asidi ingali moto, na maji huitoka. Nguruwe wa aina ya Pietrain, kutoka Ubelgiji, walisifika kwa mnofu mwingi, lakini wengi wao walikuwa na kasoro hiyo. Leo wafugaji wanaweza kuwapima na kuwazuia wenye kasoro wasizae.

Hayo yakuhusu nini, msomaji? Binadamu pia ana jeni hiyo. Ikiwa na hitilafu, baadhi ya dawa za nusukaputi huweza kumkakamaza misuli, kumpandisha joto na hata kumuua. Mwaka 1960, madaktari wa Melbourne, Australia, walieleza habari za kijana aliyevunjika mguu, ambaye jamaa zake 10 walikuwa wamekufa baada ya kutiwa usingizi kwa etha.

Kula nyama hiyo hakuambukizi. Huu ni urithi. Dawa yake, dantrolini, yafaa iwe tayari katika kila hospitali inayotumia nusukaputi hizo.

Nguruwe wanapimwa, lakini jamaa zetu hatuwaulizi. Kabla hujapasuliwa, uliza nyumbani: kuna aliyefia katika nusukaputi? Kisha mwambie daktari, hata asipokuuliza.