Gwaride la Lazima Halitatujengea Nchi

Haya, ile hoja imerudi tena. Vijana wakipiga kelele kidogo tu, hakosi kutokea mheshimiwa wa kutuambia dawa yao ni kambi: kila mmoja avishwe magwanda, apige kwata miezi kadhaa, kisha atoke na nidhamu na uzalendo. Watu wanapiga makofi. Mimi sipigi.

Kwanza, ndugu msomaji, hii programu si mpya. Tulishaiendesha. Kuanzia 1984 hadi 1990, kila aliyeitwa chuo kikuu cha umma Kenya alipitia kwanza Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Ndio watu wazima wanaokwambia hadi leo, "sisi tulikuwa Gilgil". Sasa tazama tarehe. Jaribio la mapinduzi lilikuwa Agosti 1, 1982, wanafunzi wengi wakalishangilia, chuo kikuu kikafungwa. Miaka miwili baadaye, kambi za lazima. Unahitaji nani akufafanulie shabaha ilikuwa nini? Uzalendo ulikuwa jina kwenye lebo. Ndani ya chupa mlikuwa na utiifu.

Watetezi wana hoja moja nzito nayo naiheshimu: kambini Mluo alilala kitanda kimoja juu ya Mkikuyu, Mpokomo akala githeri na Mkalenjin, wakawa marafiki wa kudumu. Kweli kabisa, urafiki huo upo. Lakini ghasia za kikabila Bonde la Ufa zilianza 1991, na zile za baada ya uchaguzi zikaja 2007 na 2008, wakati watu wa Gilgil walikuwa na umri wa karibu miaka 40, wengi wakiwa maofisini. Ukiniambia kambi ndiyo chanjo ya ukabila, nionyeshe ilipokinga.

Halafu kuna upande wa kazi yenyewe, na hapa nazungumza kama mtu wa tarakilishi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Sasa fikiria watu laki kadhaa wasiotaka kuwapo, unaowapa jembe na kuhesabu siku zao. Kazi ya kulazimishwa hupimwa kwa saa. Hakuna anayeuliza kama mtaro unapitisha maji.

Linganisha na Januari 2008. Nchi inawaka, na kikundi kidogo cha Wakenya, wengine nje ya nchi, kinaunda Ushahidi kwa siku chache, bila agizo la waziri, ili mtu atume ripoti ya ghasia kwa simu au mtandao na ionekane kwenye ramani. Msimbo ukawa huria, na 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko. Ile ilikuwa huduma kwa taifa. Nani aliwapigisha kwata?

Sheria nayo haijanyamaza. Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi ya shuruti. Mkataba wa ILO nambari 105 wa 1957, ambao Kenya imeuridhia, unakataza hasa kutumia kazi ya lazima kama njia ya maendeleo ya uchumi. Kwa hiyo ndoto ya vijana wa bure wa kuchimba mabwawa haifai hata kuanza.

Jirani zetu wamepitia haya. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga utumishi wa lazima, Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Sikubaliani naye, ila angalau alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wa kwetu wanaotaka kijana ajitolee, marupurupu yao hayaguswi.

Mnataka huduma? Iwe ya hiari, ilipwe, na hesabu ziwe wazi. NYS hii hii ndiyo iliyozua uchunguzi wa shilingi milioni 791 mwaka 2015, na kashfa nyingine 2018. Wekeni kila zabuni na kila malipo ya NYS mtandaoni, kwenye faili ambayo mtu anaweza kuipakua na kuichambua. Vijana wa kuichambua wapo, na hawatahitaji kuburutwa.