Majina kumi, kazi ya mmoja

Pita kwenye vimbwete vya chuo kikuu chochote nchini jioni ya kuamkia siku ya kukusanya kazi. Mmoja anaandika. Wawili wamekaa naye, wanachati. Waliobaki wametuma majina na namba za usajili kwenye grupu la WhatsApp, na muungwana mmoja kaahidi kutoa hela ya kuprinti. Asubuhi, ukurasa wa mbele una majina kumi.

Wahadhiri huuita huo uvivu. Mimi naona vijana wamepiga hesabu zao vizuri. Maksi ni moja kwa wote, swali kalichagua mhadhiri, na hakuna atakayeuliza nani kaandika nini. Mwenye jaribio la somo jingine kesho yake ahangaike kwa lipi?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1913, Mfaransa Max Ringelmann alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu wakivuta kamba pamoja, kila mmoja hutoa nguvu pungufu kuliko akivuta peke yake. Bibb Latané na wenzake wakaona yaleyale Marekani mwaka 1979, kwa makofi na kelele. Ila baadaye walionyesha pia kwamba mchango wa kila mtu ukijulikana, kutegea hupungua.

Kwa hiyo tuwabane kwa maksi? Hapo nasita. Mwaka 1971 Edward Deci aliwalipa baadhi ya wanafunzi wa chuo kwa kufumbua mafumbo. Malipo yalipokoma, hamu yao ya kuendelea ilishuka. Yeye na Richard Ryan walikuja kushikilia kwamba mtu husukumwa na mambo matatu: kujiamulia, kujiona anaweza, na kuwa na wenzake. Watazame hao hao wanaotegea wakati wa kampeni za serikali ya wanafunzi: wanakesha, wanagawana kazi, na hakuna anayewapa hata maksi moja.

Kikundi kijichagulie swali, basi, na kiwe cha watu wanne. Najua jibu la wahadhiri: darasa lina watu mia nne. Ni kweli, na tukiri kwamba kikundi cha watu kumi kilizaliwa na mzigo wa kusahihisha, ualimu haukuhusika. Hata hivyo kumi hao wanaweza kuambiwa tangu siku ya kwanza kuwa mmoja wao, atakayepatikana kwa kura, ndiye atakayesimama kuitetea kazi yote. Mwandishi wao atalazimika kuwafundisha wenzake kabla ya siku hiyo.