Wimbo Usiomtaja Mtu Ni Bango Tu

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tunapigiwa wimbo uleule. Waimbaji hubadilika, fulana hubadilika, nembo ya mfadhili mgongoni hubadilika, wimbo haubadiliki. Tupande miti, tusikate ovyo, tutunze vyanzo vya maji. Nani anakata? Haisemwi. Mti gani? Mti tu. Mto upi umekauka? Mto. Nimeripoti sherehe hizi miaka kadhaa na sijawahi kumsikia mtu akiuimba wimbo huo kesho yake, si kwenye daladala, si harusini, wala bafuni.

Mimi nasema hizo si nyimbo. Ni mabango yaliyotiwa kinanda. Na sisi tunaojiita watu wa fasihi tunazisamehe, eti ujumbe wake ni mzuri. Tangu lini ujumbe mzuri ukaokoa shairi bovu?

Hebu tuwatazame wenzetu wa roki. Mwaka 1990 bendi ya Midnight Oil ya Australia ilitoa wimbo "Blue Sky Mine". Unahusu wachimbaji wa asbesto wa Wittenoom, Australia Magharibi, waliovuta vumbi lile kazini wakaja kufa nalo mapafuni. Hakuna mahali unapotuambia tutunze hewa. Unaingia ndani ya mchimbaji anayeutaka mshahara na anayejua kuwa mshahara huohuo unammaliza. Mwaka uleule bendi hiyo ilipanda lori, ikapiga muziki mbele ya jengo la Exxon jijini New York, kwa sababu mwaka uliotangulia meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta baharini Alaska. Hakuna aliyeuliza wanamsema nani. Joni Mitchell naye, mwaka 1970, alichungulia dirisha la hoteli Hawaii, akaona milima kule mbali na maegesho ya magari hapa chini, akatunga "Big Yellow Taxi". Ndani yake anamgeukia mkulima na kumtajia dawa ya DDT kwa jina. Kwa jina, jamani! Sisi tunaimba "kemikali".

Wala sisemi wazungu hawakosei. "Earth Song" ya Michael Jackson, ya mwaka 1995, ambayo sehemu ya video yake ilipigwa hapahapa Tanzania, inalilia kila kitu kwa mpigo: tembo, vita, misitu, bahari. Sauti ni ya ajabu, nakubali, mwili unasisimka. Ila ukimaliza kusikiliza hujui umkasirikie nani. Ni bango letu lilelile, lenye bajeti kubwa zaidi.

Najua jibu linalokuja: roki ni ya kwao, sisi tuna yetu. Jibu hilo limechoka. Miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, na albamu yao ya Ave Africa ilitoka mwaka 1976. Zambia, jirani yetu tunayechangia naye Ziwa Tanganyika, ilikuwa na roki yake kabisa, iliyopikwa zaidi katika miji ya migodi ya shaba. Lakini hata tuache roki. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki mwa Kongo, alitunga "Mambo kwa Soksi" wakati Ukimwi unaanza kutumaliza. Mada ilikuwa ya semina kabisa: kondomu. Redio ya taifa ikakataa kuupiga, watu wakauimba hivyohivyo, kwa sababu Remmy alisema kama watu wanavyosema vilabuni. Kwa hiyo tatizo letu si gitaa, na wala si mada. Tatizo ni kwamba anayelipia wimbo hataki mtu yeyote auone umemgusa.

Wapo pia wanaodai kwamba mazingira hayana hadithi. Hao nawapeleka Karema, mkoani Katavi. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Mfalme Leopold walijenga ngome pale, karibu na maji ya Ziwa Tanganyika. Miaka hiyohiyo mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibuka, ziwa likaanza kumwaga maji na kushuka. Kufikia mwaka 1885 ngome ikawa mikononi mwa Mapadre Weupe, na ziwa linazidi kuikimbia. Leo Karema kuna bandari mpya ya mabilioni ya shilingi, na miaka hii ya 2020 ziwa limepanda tena mpaka kuingia mitaani Uvira na Bujumbura. Ziwa linaloondoka na kurudi bila kumuuliza mfalme wala waziri! Mtunzi gani anataka zaidi ya hapo?

Na dagaa je? Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa hili yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, rutuba inabaki kilindini, na chakula kinachowalisha samaki kilikuwa kimepungua kwa takriban asilimia 20. Joto hilo halikutengenezwa na mvuvi wa Karema. Lakini sikiliza nyimbo zetu: mwenye hatia ni mvuvi mwenye nyavu haramu, au mama mwenye gunia la mkaa. Nyavu haramu zipo, na mkaa upo. Ila ni ajabu jinsi kidole cha nyimbo hizi kisivyopanda juu ya mtu mwenye kandambili.

Hata fedha imeshaingia msituni. Katika wilaya hiyohiyo ya Tanganyika vijiji vinalipwa kwa biashara ya hewa ukaa, yaani vinalipwa kwa miti iliyoachwa imesimama. Kuna dhihaka, kuna matumaini, kuna ugomvi wa mkutano wa kijiji humo. Bado tunaimba "mti ni uhai".

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani ili samaki wazaliane. Wavuvi wa dagaa wamezoea kupumzika mwezi unapong'aa, siku chache tu, kisha giza linarudi na taa zinawashwa. Safari hii giza lilirudi mara tatu na taa hazikuwashwa. Huo ndio wimbo ninaoutaka, wenye gitaa la kukwaruza na ngoma nzito, ukiimbwa na mchuuzi wa dagaa anayeuliza: ziwa mmelifunga, sawa, nimeelewa, na marejesho ya kikoba nayo yamefungwa?