Kiwiko Kilichovimba Hakichuliwi

Msimu wa maembe ukifika, miti huzaa na watoto huanguka. Anayeanguka hujikinga kwa kiganja, mkono umenyooka, na uzito wote wa mwili hupanda hadi kwenye kiwiko. Muda si muda kiwiko kimefura kama andazi, mtoto analia huku ameukumbatia mkono, na nyumba nzima imeshatoa hukumu: umeteguka huo, apelekwe akachuliwe. Mafuta ya nazi yanapashwa moto. Anaitwa bibi au mzee wa mtaa wa pili anayesifika kwa kurudisha viungo. Mtoto anashikwa na watu wawili, mmoja mabegani, mmoja kiunoni, na kiwiko kinaanza kukandwa, kuvutwa na kunyooshwa.

Imani kwamba kiungo kilichoumia hurudi kwa kuchuliwa ni ya kale, na inapendwa kwa kuwa ndani yake mna huruma: mtu mzima anamgusa mtoto kwa mikono yake akitaka kumwondolea maumivu. Hata hivyo, kwa kiwiko cha mtoto aliyeanguka, huruma hiyo inaumiza. Ni wajibu kulisema hili bila kuwaonea haya wazee. Kiwiko kilichovimba baada ya kuanguka hakichuliwi, hakivutwi, wala hakikandwi kwa maji ya moto.

Mvunjiko wa kiwiko unaowapata watoto kuliko mingine yote hutokea juu kidogo ya kiungo chenyewe, mwishoni mwa mfupa wa mkono wa juu, hasa kwa watoto wa miaka mitano hadi saba. Mahali hapo mfupa umebonyea mbele na nyuma, na kati ya mabonyeo hayo mawili umebaki mwembamba mno. Mtoto akitua kwa kiganja, mfupa hukatika papo hapo. Mara nyingi kipande cha chini husogea nyuma, na ncha kali ya kipande cha juu hubaki imeelekea mbele. Mbele hapo ndipo inapopita ateri inayopeleka damu kwenye kigasha na kiganja, pamoja na neva inayotawala kidole gumba na kidole cha shahada. Anayekikanda kiwiko hicho anausukuma mfupa wenye ncha juu ya mshipa wa damu. Hajui, kwa sababu anachokiona na kukipapasa ni uvimbe tu.

Uzoefu wa miaka 40 nao haumsaidii kujua. Kiwiko cha mtoto mdogo kwa sehemu kubwa ni gegedu. Vitovu sita vya mfupa hujitokeza humo kwa zamu, cha kwanza karibu na umri wa mwaka mmoja, cha mwisho karibu na miaka 11. Ndiyo maana hata daktari mwenye picha ya eksirei mbele yake wakati mwingine hupiga na kiwiko kizima ili alinganishe. Ikiwa mashine inahitaji msaada, dole gumba lenye mafuta litaona nini?

Mwaka 1881 Richard von Volkmann, daktari wa upasuaji wa mji wa Halle nchini Ujerumani, alieleza hali ya mikono inayopooza na vidole vinavyokunjika moja kwa moja baada ya mkono kufungwa bendeji za kubana. Chanzo, alisema, ni misuli kukosa damu. Leo inajulikana kwamba misuli ya kigasha ikikosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa. Iliyokufa hugeuka kovu, kovu hujikunyata, na vidole huvutwa ndani daima. Zaidi ya karne imepita tangu onyo hilo, na bado kuchua hufuatwa na vijiti vya mwanzi au vipande vya boksi, kitambaa na kamba, vyote vikikazwa barabara ili mfupa usicheze. Uvimbe unazidi ndani, banzi hailegei nje, damu inakosa njia. Nchini Nigeria na Ethiopia madaktari wameandika kwa miaka mingi juu ya watoto waliokatwa mikono kwa sababu ya kuoza kulikoanzia chini ya banzi za namna hiyo. Watoto hao walikuwa wamevunjika mfupa tu, na mfupa wa mtoto huunga upesi.

Dhara jingine huja polepole. Msuli wa mbele ya kiwiko ukichanika na kuvuja damu, kisha ukafinywa na kuvutwa kila jioni, unaweza kuanza kujenga mfupa ndani ya nyama. Mkono unakataa kunyooka. Familia inahitimisha kwamba haujachuliwa vya kutosha, inaongeza.

Watetezi wa kuchua wanao ushahidi wao, na inafaa uangaliwe kwa makini, maana ndiyo mizizi ya imani yenyewe. Mzazi anamvuta mtoto wa miaka miwili kwa mkono wavuke barabara, au anamrusha juu akiwa amemshika viganja. Utepe unaozunguka kichwa cha mfupa mmoja wa kigasha unateleza na kunaswa. Mkono unaning'inia, mtoto hataki uguswe, lakini kiwiko hakivimbi. Mtu anayejua akigeuza kiganja kielekee juu na kukikunja kiwiko, husikika mlio mdogo, na baada ya dakika chache mtoto anachezea mkono uleule. Daktari hufanya hivyo. Mzee wa mtaa naye huweza kufanikiwa, hata kwa bahati, katika kugeuzageuza kwake. Mama aliyeshuhudia hatasahau, wala jirani zake. Basi sifa iliyopatikana kwa mtoto wa miaka miwili aliyevutwa mkono inahamishiwa kwa mtoto wa miaka sita aliyeanguka mwembeni, ambaye tatizo lake ni tofauti kabisa.

Kwa watu wazima mambo ni hivyohivyo. Fundi mwashi au mpika chapati huumwa upande wa nje wa kiwiko, hali ambayo Waingereza waliihusisha na mchezo wa tenisi tangu miaka ya 1880, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Kano imechoshwa na kazi. Kupunguza mzigo na kufanya mazoezi ya kuiimarisha huisaidia, na kwa wengi hutulia ndani ya mwaka mmoja. Aliyechuliwa miezi yote hiyo humshukuru mchuaji.

Kuna pia lile jaribio la uani: cheza vidole, vikicheza, hujavunjika. Si kweli. Sehemu kubwa ya misuli inayochezesha vidole iko kwenye kigasha, chini ya mvunjiko, kwa hiyo mfupa unaweza kuwa vipande viwili na vidole vikacheza. Jaribio lenye maana zaidi ni kumwambia mtoto aunganishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, afanye duara. Akishindwa, huenda neva imeumia.

Anayempeleka mtoto kwa mchuaji si mjinga. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko Dar es Salaam, hospitali ya KCMC iko Moshi, na kwa anayeishi kisiwani au mbali na barabara, nauli pekee ni mzigo. Mchuaji yuko mlango wa tatu, anapokea malipo kidogo kidogo, na hamtishi mtu kwa kisu. Tanzania inawatambua waganga wa jadi kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, hivyo kuwapiga vita hakuna maana. Waombwe jambo moja: mtoto aliyeanguka akavimba kiwiko, wasimguse mpaka apigwe picha. Nazo serikali zidaiwe mashine za eksirei zinazofanya kazi wilayani, la sivyo ombi hilo litakuwa maneno matupu.

Hofu ya kisu nayo imepita kiasi. Mfupa uliopata ufa bila kuhama hutulizwa kwa plasta, lile hogo la mtaani, kwa wiki tatu hivi. Uliohama hunyooshwa mtoto akiwa kwenye nusukaputi, ukashikizwa kwa pini mbili au tatu nyembamba zinazopenya ngozini, mara nyingi bila kupasua. Pini huchomolewa kliniki baada ya wiki tatu au nne.

Nyumbani, kabla ya safari, mkono uachwe ulivyo na uning'inizwe kwa kanga bila kukazwa. Bangili na nyuzi zivuliwe. Mtoto asilishwe, maana huenda akahitaji nusukaputi. Vidole vikiwa baridi au vimepauka, au maumivu yakizidi anaponyooshwa vidole, hata saa moja ni nyingi.

Plasta ikitolewa, kiwiko huwa kigumu, na hapo chupa ya mafuta huchukuliwa tena. Mafuta yapakwe kwenye ngozi iliyokauka, yaishie hapo. Mtoto aachwe akunje na kunyoosha mwenyewe: ale kwa mkono huo, achane nywele, adake mpira. Kwa watoto wengi mkono hurudia mwendo wake ndani ya miezi michache bila mtu yeyote kuuvuta.