Uvira: Nyumba hununuliwa siku moja, hutunzwa kila siku

Usiku wa mvua ya kwanza katika nyumba yangu mwenyewe, sikulala. Kwa miaka mingi hapa Uvira nilikuwa mpangaji. Paa likivuja, nilimpigia simu mwenye nyumba, nikalalamika, kisha nikageukia upande mkavu wa kitanda. Safari hii hakukuwa na mtu wa kupigia. Niliweka sufuria mbili sebuleni na beseni moja chumbani, nikakaa kwenye kiti nikisikiliza maji yakidondoka. Juu ya dari panya walikuwa wanakimbia kana kwamba nao walichangia bei.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi wa rika langu wanaweka akiba kidogo kidogo, wengine kwa likelemba, ili siku moja waachane na garanti na kodi ya kila mwezi. Ni mpango mzuri. Lakini tunafundishana namna ya kununua nyumba tu. Namna ya kukaa ndani yake, kila mtu anajifunza peke yake, tena wakati maji yamekwisha kuingia. Katika mji wetu, uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, kuchelewa kujifunza ni hatari. Hapa nyumba isiyotunzwa inaweza kuondoka kwa usiku mmoja.

Tuanze na karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya chefu wa avenue na mashahidi ni mwanzo wa safari, wala isichukuliwe kuwa mwisho wake. Wengi wetu tunaishia hapo, kisha tunashangaa mtu wa pili anapokuja na karatasi yake.

Kuna swali jingine ambalo halimo kwenye karatasi yoyote: maji yanapita wapi? Kabla ya kununua nilizunguka kiwanja na majirani wa pande nne, wakanionyesha mipaka. Mimi niliuliza mipaka, sikuuliza maji.

Fundi niliyemwita asubuhi ile hakupanda juu ya paa kama nilivyotarajia. Alizunguka nyumba polepole, akachuchumaa kwenye kona ya nyuma, akaingiza kidole kwenye ufa chini ya ukuta. Kilitoka na matope.

“Patron, manjanja iko ya mwisho,” aliniambia. “Maji haina avoka. Iko na njia yake, na ile njia inapita huku kwako.”

Nilikuwa nimekwisha kuchagua rangi ya ukuta na kuulizia bei ya mlango mkubwa wa chuma. Ndivyo tulivyo: pesa ya kwanza inakwenda kwenye kile ambacho mpita njia ataona. Fundi alipanga kazi kinyume na matakwa yangu. Kwanza mtaro nyuma ya nyumba, uliojengwa kwa mawe. Pili, kuziba ufa na kupiga simenti chini ya ukuta pande zote. Tatu, mfereji wa kupokea maji ya paa na kuyapeleka kwenye pipa, yasianguke tena kwenye msingi. Nne, manjanja: kubadilisha yaliyooza na kupiga misumari mipya yenye mpira. Rangi ingesubiri mwaka mwingine. Mlango wa chuma bado unasubiri.

Sababu yake ni rahisi. Nyumba nyingi za huku, pamoja na yangu, zina kuta za matofali mabichi. Ukuta wa namna hiyo husimama miaka mingi ukiwa mkavu. Ukilowa chini, unakaa chini kama mtu aliyechoka. Paa linalovuja linakunyima usingizi, lakini msingi uliolowa unaweza kuua watoto wakiwa wamelala.

Hakuna mkaaji wa Uvira anayehitaji kufundishwa jambo hilo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Milima iliyo juu yetu ni mikali, miti imekatwa kwa ajili ya makala na mashamba, na mvua ikinyesha huko maji yanafika kwetu kabla habari haijafika.

Upande wa pili kuna ziwa. Mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia nyumba za kandokando, Kalundu na Kavimvira, na ng'ambo ya mpaka watu wa Gatumba nchini Burundi walipata shida hiyo hiyo. Wapo waliosema halijawahi kutokea. Lakini ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko yetu. Wazee wanakumbuka lilivyopanda miaka ya 1960. Na kabla ya 1878 maji yalikuwa juu zaidi ya haya tunayoyaona leo, mpaka mto Lukuga, kule Kalemie, ulipozibuka na kuyatoa. Mpaka leo Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea, wakati Ruzizi na mito mingine mingi inaingiza. Basi anayetuuzia mchanga wa pwani akisema “ziwa lilikwisha kurudi” anatuuzia fasi ya ziwa.

Mtaro wangu ulipokamilika, nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu ilinyesha, na mama mmoja wa kiwanja cha chini akaja akiwa ameshika khanga yake isilowe. Maji yangu yote yalikuwa yameingia jikoni kwake. Hakunitukana. Alinichukua kwa mkono akanionyesha moto wake uliozimika. Sikuwa na la kusema. Jumamosi iliyofuata nyumba nne tulitoka na majembe, tukachimba mtaro mmoja kutoka kwangu mpaka kwenye mfereji wa barabara. Tulifanya salongo yetu wenyewe, bila mtu kutuamuru. Niliyojifunza kwenye kazi ile: katika mji wa mteremko, mtu hatengenezi nyumba yake peke yake. Akifanya hivyo, anahamishia tatizo lake kwa jirani.

Ni mama huyo huyo aliyenipa paka.

Anauza ndagala, kwa hiyo habari za panya anazijua kuliko mwandishi wa habari. Panya wangu walikuwa wametoka darini wakaingia kwenye unga wa muhogo. Nilikuwa nimenunua sokoni pakiti ndogo ya sumu isiyo na maandishi yoyote. Aliponiona nayo alitikisa kichwa: “Mutoto wangu, sumu haijue jina la panya.” Ni kweli. Mtoto anaweza kuishika, kuku anaweza kuidonoa, na paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye. Jioni aliniletea paka mdogo mweusi, mguu mmoja mweupe, ndani ya kikapu.

Siku tatu za kwanza alijificha nyuma ya mfuko wa simenti. Nilimfungia ndani kwa majuma mawili, kama nilivyoelekezwa, ili asitafute njia ya kurudi alikotoka. Siku ya nne alitoka kula. Baadaye akaanza kukaa saa nzima mbele ya kona moja ya chumba, macho juu. Nilipanda kuangalia: mahali boriti inapokutana na ukuta palikuwa na tundu linaloingia ngumi. Fundi hakuliona, mimi sikuliona. Tuliliziba kesho yake.

Nisimpe paka sifa zisizo zake. Peke yake hamalizi panya. Ni lazima kuziba matundu, kuweka unga kwenye ndoo yenye kifuniko, na kutoacha takataka karibu na nyumba. Lakini kazi yake ni kubwa kuliko tunavyodhani, hasa baada ya mafuriko, kwa maana mkojo wa panya unaweza kuchafua maji na kuleta magonjwa. Naye anahitaji kutunzwa: chakula, maji, na chanjo ya kichaa cha mbwa pale daktari wa mifugo anapopatikana, maana paka pia anaweza kuupata ugonjwa huo. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mtu aende hospitali bila kungoja.

Mwenzangu mmoja wa kazi alikataa kuingia ndani alipomwona. “Paka mweusi? Unataka watu waseme nini?” Najua watasema nini. Katika mitaa yetu neno uchawi linatoka mdomoni haraka, na linaanza kwa paka, kisha linamfikia mama mzee asiye na mtu wa kumtetea, au mtoto yatima. Ndiyo maana sikumficha. Anakaa mlangoni, kila mtu amwone akifanya kazi ya paka.

Kuna atakayeniuliza: tutunze nyumba gani, wakati vita inaweza kutukimbiza kesho? Swali hilo ni la haki, na wengi wanaolisoma hapa wamekwisha kukimbia zaidi ya mara moja. Sina dawa ya vita. Ninachojua ni kwamba mvua haingoji amani, na anayerudi kutoka ukimbizini anahitaji kukuta ukuta bado umesimama.

Kwa hiyo nawaomba wanaotafuta nyumba: nendeni mkaitazame mvua ikiwa inanyesha. Waulizeni majirani maji ya 2020 yalifika wapi. Mkikwisha kununua, tumieni kiangazi kwa mitaro na msingi, rangi ije baadaye. Na viongozi wa mji wetu nawaambia hivi: anayetia muhuri kwenye parseli iliyo ndani ya njia ya mto anajua anachofanya. Familia itakayolala pale haijui. Mitaro ya barabara isafishwe kabla ya mwezi wa tisa, na milima ipandwe miti, kwa sababu mtaro wa nyumba nne hauwezi kubeba mlima mzima.

Juma lililopita ilinyesha tena, mvua kubwa ya usiku. Niliamka kwa mazoea, nikachukua sufuria. Lilikuwa tone moja tu, karibu na dirisha. Msingi ulikuwa mkavu, na kwa mama wa chini taa ilikuwa imezimwa, watu wamelala. Watoto wa mtaa wamempa yule paka jina: wanamwita Mwenye Nyumba. Nilimkuta amelala kwenye kiti changu, nikakaa chini.